Lenzi Mbili Zilizopasuka kwa Sababu Mbili: Uchambuzi wa Taa za Ukungu za Gari Moja

Gari dogo la abiria, la miaka mingi barabarani, lililetwa gereji likiwa na taa zote mbili za ukungu za mbele zimepasuka. Mwenye gari alikuwa ameshaamua dawa yake. Alikuja na lenzi mbili mpya za plastiki ngumu ya polikaboneti, zikiwa bado ndani ya karatasi zake, akataka zibandikwe mahali pa vioo vya zamani ili asisumbuliwe tena na kokoto. Wazo lake lilikuwa zuri, na kwa taa ya kulia lilikuwa sahihi kabisa. Kwa taa ya kushoto, kubandika lenzi ile bila kuuliza jambo lingine lolote kungemrudisha gereji baada ya muda mfupi akiwa na plastiki iliyojikunja badala ya kioo kilichopasuka. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu taa mbili za gari moja, zilizopasuka kwa nyakati zinazokaribiana, zilikuwa na maradhi yasiyofanana, na lenzi ya plastiki ilikuwa tiba ya mojawapo tu.

Taa zenyewe zilikuwa za duara, kipenyo chake milimita 90 hivi, zimekaa kwenye matundu ya bampa ya mbele, kitovu kikiwa sentimita 45 kutoka ardhini. Mbele kulikuwa na kioo halisi kilichogandishwa kwa gundi kwenye kasha jeusi la plastiki. Ndani kulikuwa na riflekta, yaani bakuli linaloakisi mwanga wa balbu, yenye vipande vingi vidogo vinavyong'aa, na balbu ya halojeni ya aina ya H3, ile yenye kitako bapa cha chuma na waya mfupi unaochomekwa pembeni. Taa hizi hukaa chini kwa makusudi. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu ufungaji wa taa za magari zinataka taa ya ukungu ya mbele ya gari la abiria isikae chini ya milimita 250 wala juu ya milimita 800, kwa kuwa kazi yake ni kutupa mwanga mpana na bapa chini ya mstari wa macho ya dereva, ili mwanga huo usigonge matone ya ukungu mbele ya uso wake na kumrudia kama ukuta mweupe. Gharama ya kukaa chini inajulikana kwa kila anayeendesha: hapo ndipo zinapotua kokoto zinazorushwa na matairi ya gari la mbele, na hapo ndipo maji ya madimbwi yanaporukia.

Jambo la kwanza lilikuwa kuzisoma nyufa kabla ya kufungua chochote. Katika taa ya kulia nyufa zote zilitoka sehemu moja, chini kidogo ya katikati, penye kishimo kidogo chenye umbo la koni na unga mweupe wa kioo pembezoni mwake. Kutoka hapo mistari ilisambaa pande zote hadi ukingoni. Hiyo ni alama ya jiwe, na haihitaji ubishi. Katika taa ya kushoto hapakuwa na kishimo popote. Nilipitisha ukucha juu ya kioo chote nikitafuta mahali palipomeguka, nisipate. Kulikuwa na ufa mmoja tu, ulioanzia kwenye ukingo wa juu, ukaingia ndani moja kwa moja kwa urefu wa pingili ya kidole, kisha ukaanza kupindapinda kuelekea katikati.

Ufa wa namna hiyo huletwa na joto. Katikati ya kioo hupata moto na kutanuka, huku ukingo uliofunikwa na gundi na kasha ukibaki na ubaridi zaidi. Matokeo yake ukingo huvutwa, na kioo, ambacho ni hodari sana kinapobanwa, ni dhaifu kinapovutwa. Maji baridi yakirukia kioo kilicho katika hali hiyo, uso wa nje husinyaa ghafla, na kasoro yoyote ndogo iliyokuwa ukingoni tangu kioo kilipokatwa hugeuka kuwa mwanzo wa ufa. Nilipomuuliza mwenye gari, alikumbuka kwamba upande huohuo wa kushoto uliwahi kupasuka hapo nyuma na kubadilishwa kioo, na kwamba tangu wakati huo ulikuwa ukiwaka kwa nguvu kuliko wenzake, jambo alilolihesabu kuwa faida.

Balbu zilipotolewa, maelezo yalikamilika. Ya kulia ilikuwa na maandishi ya wati 55 kwenye kitako chake, na ya kushoto wati 100. Balbu ya H3 ya volti 12 inayotambuliwa na kanuni za Umoja wa Mataifa ni ya wati 55. Zile za wati 100 hutengenezwa kwa ajili ya taa zinazotumika nje ya barabara za umma, lakini zina kitako kilekile na huingia kwenye taa yoyote ya H3 bila kulazimishwa. Yeyote aliyeifunga pale hakukutana na kizuizi chochote cha kumwonya. Hata fyuzi haikusema kitu. Fyuzi ya taa hizo ilikuwa ya ampea 15, na wati 55 pamoja na wati 100 ni wati 155, ambazo kwa volti 12 huvuta takribani ampea 13. Lau balbu zote mbili zingekuwa za wati 100, mzunguko ungevuta karibu ampea 17, juu ya kiwango cha fyuzi, na huenda fyuzi ingekatika hatimaye, tatizo likajulikana. Kwa kuwa ilikuwa moja tu, gari liliendelea kutembea na taa inayopika kioo chake lenyewe. Kiunganishi cha waya wa upande huo kilikuwa kimeshageuka rangi kuwa hudhurungi, na plastiki yake ilikatika kama biskuti nilipoikunja.

Sasa tuje kwenye plastiki yenyewe. Polikaboneti inastahili sifa inayopewa. Uzito wake ni karibu nusu ya ule wa kioo kwa ujazo uleule: gramu 1.2 kwa sentimita moja ya ujazo, dhidi ya 2.5 za kioo cha kawaida. Ikipigwa na jiwe hupinda kidogo na kurudi, ikameza nguvu ambayo kioo kingeilipa kwa kupasuka. Ndiyo maana taa kubwa za magari mengi ya leo zimeachana na kioo kabisa. Watu huichanganya na akriliki, ambayo nayo ni angavu na huvumilia jua vizuri, lakini akriliki huvunjika kwa urahisi zaidi na huanza kulainika kwenye nyuzi 105 za selsiasi hivi, ilhali polikaboneti hufika karibu 147. Kwa taa yenye balbu ya halojeni, pengo hilo ni kubwa mno kulipuuza.

Hata hivyo polikaboneti ina udhaifu wake, na udhaifu huo ndio ulioamua kazi hii. Ikiachwa tupu huchubuka upesi na kugeuka manjano kwa miale ya jua, kwa hiyo lenzi inayofaa lazima iwe imepakwa utando mgumu wa kinga tangu kiwandani. Haipatani na petroli, thina, asetoni wala dawa kali za kusafishia breki. Ikiguswa nazo huota nyufa nyembamba za ndani zinazofanana na ukungu. Tena hutanuka kwa joto mara saba hivi zaidi ya kioo. Lenzi ya milimita 90 ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 80, kioo huongezeka kipenyo kwa milimita 0.05, na polikaboneti kwa karibu milimita 0.4. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini inatosha kabisa kung'oa gundi iliyokauka ikawa ngumu, au kuipasua lenzi iliyobanwa na skrubu bila nafasi ya kupumua.

Kabla ya kukubali lenzi mpya, kuna swali ambalo wengi hawaliulizi: katika taa hii, ni nani anayeupanga mwanga? Katika taa nyingi za zamani kazi hiyo hufanywa na kioo chenyewe, kwa mistari na mabonde yaliyochongwa upande wake wa ndani, na riflekta hukusanya tu mwanga na kuusukuma mbele. Ukiondoa kioo cha namna hiyo ukaweka plastiki laini isiyo na mistari, unabaki na doa la mwanga lisilo na umbo, linalowapofusha wanaokuja na lisilomsaidia anayeendesha. Katika taa nyingine riflekta ndiyo iliyokatwa kwa hesabu, na lenzi ni kinga iliyo angavu. Njia ya kujua ni rahisi: shika kipande cha kioo cha zamani juu ya maandishi na ukisogeze taratibu. Herufi zikivutika upande au kukatikakatika, kioo kinapinda mwanga. Zikibaki zilivyo, mpangaji ni riflekta. Vioo vya gari hili viliacha herufi zilivyo, kwa hiyo lenzi laini za mwenye gari zilikubalika kwa upande huo. Kwa wale ambao kioo chao kina mistari, ushauri wangu hauna shaka hata kidogo: ama wapate lenzi ya plastiki yenye mistari ileile iliyotengenezwa kwa ajili ya taa hiyo, ama wabadilishe taa nzima.

Swali la pili lilikuwa joto. Taa iliyobuniwa kwa ajili ya kioo si lazima iwe na nafasi ya kutosha kati ya balbu na lenzi kwa plastiki. Ukuta wa balbu ya halojeni unapaswa kuzidi nyuzi 250 ili mzunguko wa kemikali unaorudisha tungsteni, yaani metali ya uzi unaowaka ndani ya balbu, kwenye uzi huo ufanye kazi, na sehemu kubwa ya umeme unaoingia humo hutoka kama joto. Nilifunga balbu ya wati 55 kwenye taa ya kulia kabla ya kukiondoa kioo kilichopasuka, nikaiwasha gari likiwa limesimama na injini inanguruma, kwa kuwa bila upepo wa mwendo ndipo taa inapopata moto zaidi, nikapima uso wa kioo juu kidogo ya katikati, mahali hewa ya moto inapogonga. Kipimo kilipoacha kupanda kilikuwa chini ya nyuzi 85. Kwa polikaboneti yenye utando wa kinga hapo kuna usalama wa kutosha. Balbu ya wati 100 sikuipa nafasi ya kupimwa juu ya plastiki, na wala haikurudi tena kwenye gari lile.

Swali la tatu lilijibiwa na macho. Riflekta ya kulia ilikuwa safi, kwa maana jiwe lilikuwa limepiga karibuni na maji hayakuwa yamepata muda wa kukaa ndani. Ya kushoto ilikuwa na doa la hudhurungi juu ya mahali pa balbu, na pembeni mwa doa hilo ule utando mwembamba wa alumini ulikuwa umeinuka kama malengelenge. Utando huo hupakwa kiwandani ndani ya chumba kisicho na hewa, na hakuna rangi ya fedha ya kopo inayoweza kuurudisha katika hali yake. Kwa hiyo uamuzi uligawanyika. Taa ya kulia ingepata lenzi mpya, na ya kushoto ingebadilishwa nzima, kasha na riflekta na yote, kwa taa yenye lenzi ya plastiki tangu kiwandani na umbo lilelile la mwanga. Mwenye gari hakufurahi kusikia kwamba lenzi yake moja haitatumika, lakini alipooneshwa malengelenge yale kwa tochi hakuhitaji maelezo mengine.

Lenzi yenyewe ilikaguliwa kabla ya kutumika. Ilikuwa na herufi PL ukingoni, ambazo katika alama za idhini za kanuni za Umoja wa Mataifa huonesha lenzi ya plastiki, na herufi B, inayoonesha taa ya ukungu ya mbele ya daraja la zamani. Taa za daraja jipya huandikwa F3. Alama peke yake hazitoshi, kwani hunakiliwa. Kipimo kingine ninachokipenda ni kuiweka lenzi mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta na kuitazama kwa miwani ya jua ile inayokata mng'ao. Mikazo iliyobaki ndani ya plastiki ilipopoa kwenye kalibu hujitokeza kama mikanda ya rangi za upinde wa mvua. Mikanda mipana na michache ni ya kawaida. Ikisongamana kwenye ukingo au mahali penye tundu, hapo ndipo lenzi itakapoanza kupasuka yenyewe. Lenzi hii ilikuwa na mkanda mmoja mpana karibu na mahali plastiki ilipoingilia kalibuni, na kwingineko ilikuwa tulivu.

Kufungua kioo cha zamani kulichukua muda mwingi kuliko kazi nyingine zote. Kwanza kioo kilibandikwa mkanda wa karatasi juu yake chote ili vipande visianguke ndani, maana kipande kimoja kikiteleza juu ya riflekta huacha mkwaruzo usiofutika. Gundi ya taa nyingine hulainika kwa joto la wastani, lakini hii ilikuwa ya aina inayokauka moja kwa moja, kwa hiyo ilikatwa taratibu kwa kisu chembamba kuzunguka ukingo, taa ikiwa imeinamishwa uso chini ili uchafu udondoke nje. Mfereji ulikwanguliwa hadi plastiki ya kasha ikaonekana, kisha ukafutwa kwa spiriti ya isopropili, ambayo haidhuru polikaboneti. Riflekta haikuguswa kwa kitambaa hata kidogo. Vumbi lililokuwa juu yake lilipulizwa kwa pampu ya mkono, na pale lilipong'ang'ania liliachwa, kwa sababu vumbi kidogo hupunguza mwanga kidogo, ilhali kidole kimoja chenye nia njema huharibu utando.

Katika kuziba, chaguo la gundi lina uzito kuliko wingi wake. Gundi za papo kwa papo hutoa mvuke unaotua ndani ya lenzi kama utando mweupe. Silikoni yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula alumini ya riflekta ndani ya kasha lililofungwa. Iliyotumika hapa ni silikoni isiyo na asidi, inayobaki laini kama mpira, ili ile tofauti ya kutanuka kati ya lenzi na kasha imezwe na gundi bila kung'oa chochote. Lenzi iliwekwa katikati ya mfereji ikiwa na nafasi sawa pande zote, ikashikwa kwa mkanda bila kukandamizwa, ikaachwa siku nzima kabla ya kuguswa. Kipumulio kilicho nyuma ya kasha, kile kijibomba cha mpira kinachoelekea chini, kilisafishwa na kuachwa wazi. Wapo wanaokiziba kwa silikoni wakidhani wanazuia maji, kumbe taa hupumua kila inapopata moto na kupoa, na ikikosa njia halali huvuta unyevu kupitia kila kiungo dhaifu.

Uvujaji ulipimwa kwa ndoo ya maji ya uvuguvugu. Tundu la balbu likiwa limezibwa na kipumulio kimebanwa kwa vidole, taa ilizamishwa. Hewa ya ndani ikapata joto, ikatafuta pa kutokea. Povu dogo lilijitokeza karibu na kona ya chini. Mahali hapo palikaushwa, pakaongezwa silikoni, na mara ya pili maji yakatulia.

Taa zote mbili zilipofungwa, zilipewa balbu mpya za wati 55 kutoka jozi moja, zilizoshikwa kwa kitambaa safi ili mafuta ya vidole yasibaki juu ya kioo chake, na kiunganishi cha kushoto kilichoungua kikabadilishwa. Kisha zikalengwa. Kwa taa za daraja B, kanuni zinataka ukingo wa juu wa mwanga ushuke kwa asilimia 1.5 au zaidi, mtu mmoja akiwa ameketi kiti cha dereva. Gari liliwekwa kwenye sakafu iliyo sawa, mita 10 kutoka ukutani. Kwa taa iliyo sentimita 45 juu, ukingo ulipaswa kuwa sentimita 30 au chini yake, na hapo mwanga hugusa barabara mita 30 mbele. Ya kulia ilikuwa juu kidogo kwa sababu kasha lilikuwa limefunguliwa na kurudishwa, ikashushwa kwa skrubu yake. Kilichonifurahisha ni kwamba ukingo wa taa zote mbili ulikuwa umenyooka na mkali, ishara kwamba lenzi mpya ya kulia haikuupinda mwanga wa riflekta yake.

Mwenye gari aliuliza mambo mengine mawili. La kwanza ni kama lenzi ya manjano ingepenya ukungu vizuri zaidi. Matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa, na lenzi ya manjano juu ya balbu nyeupe hupunguza mwanga unaotoka. Wapo madereva wanaoona inawatuliza macho, na kanuni zinairuhusu, lakini si sababu ya kuibadilisha lenzi iliyo nzima. La pili lilikuwa kuhusu balbu za LED, ambazo kweli hazichomi lenzi kama halojeni. Shida yake ni kwamba riflekta ya H3 imekatwa kwa ajili ya uzi mmoja mdogo ulio mahali pamoja maalumu, na vipande vya LED visivyokaa mahali hapohapo huvuruga ukingo wote wa mwanga, hata kama taa inaonekana kung'aa zaidi ukiitazama kwa mbele.

Aliondoka akijua kwamba lenzi huoshwa kwa maji na sabuni tu, na kwamba umande mwembamba baada ya kuosha gari si dosari mradi ukauke taa ikiwashwa kwa muda. Matone yakianza kujikusanya chini ya lenzi ya kulia, aangalie kwanza kile kipumulio kabla ya kuilaumu gundi, na atakapobadilisha balbu asome wati zilizoandikwa kwenye kitako kabla ya kuichomeka.